Mduara wa Watatu

Juzi nilinunua maharagwe katika soko la Mbarara, na muuzaji, dada mmoja mwenye maneno mengi, akaniapia kwamba hayana hata jiwe moja. "Nyabo, mama, hii iko safi kabisa," alisema. "Mashine ilichagua yote. Wewe peleka kwa moto tu." Nikalipa, nikaondoka, na nilipofika nyumbani nikayamwaga kwenye ungo hivyo hivyo. Si kwamba simwamini dada wa watu. Ni mikono yangu tu, haijui kupika maharagwe ambayo haijayapitia. Nikakaa barazani peke yangu, nikachagua, na kweli sikuona jiwe. Nilipomaliza, bila kufikiri, nikauinua ungo na kuupeleka upande wa kuume kumpa mtu, na kinywa kikasema, "Pokea." Ee, rafiki yangu! Mwanamke mzima, mwenye kazi na watoto, nimeunyooshea ukuta ungo wa maharagwe. Nilicheka mwenyewe, halafu nikauweka ungo chini, maana machozi yalikuwa karibu kuliko kicheko.

Wewe ambaye hukukulia Rubondo utaniuliza, kwa nini upande wa kuume? Na kwa nini kusema "pokea"? Vuta kiti, nikueleze.

Rubondo ni upande mmoja wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huko tulikopewa vipande vya shamba sisi tuliotoka Kivu ya Kusini. Nilifika nikiwa mgongoni, kwa hiyo safari yenyewe siikumbuki. Ninachokumbuka kinaanzia hapo: nyumba yetu ya udongo, pampu ya kisima ikilia tangu alfajiri na vidumu vya manjano vimepangwa foleni, makanisa matatu madogo yakiimba kwa wakati mmoja siku ya Jumapili, kila moja likijitahidi kulifunika jingine. Harufu ya sombe, majani ya muhogo, jioni. Vumbi la kiangazi kwenye kope. Aliyenilea ni koko, maana kwetu bibi ndiye koko, naye alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mguu mmoja usiokunjika. Mguu huo uliharibika njiani wakati wa kukimbia. Huko huko njiani ndiko alikompoteza binti yake wa pekee, ambaye alikuwa mama yangu. Risasi zililia, watu wakatawanyika, mimi nikiwa mgongoni kwa koko, na habari ya mama hatukuisikia tena. Koko hakulizungumzia jambo hilo. Ukimuuliza alikujibu tu, "Kula, chakula itapoa."

Msimu niliopenda ni ule wa maharagwe. Kwetu kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja. Ni salongo, kazi ya pamoja. Leo tunakuja kwako, kesho kutwa unakuja kwangu, na asiyekwenda kwa wenzake maharagwe yake yatamwozea. Asubuhi wanawake walitandaza uani turubai la plastiki, wakamwaga mimea iliyokauka, wakaipiga kwa fimbo mpaka vumbi likatugeuza sote wazee wenye mvi. Halafu walikaa chini kwa mduara kuchagua mawe na mbegu mbovu, na hapo ungo ulianza kuzunguka. Kila mmoja alichagua kidogo, akautikisa, akampa aliye kuume kwake. Na hakumpa kimya kimya, hata kidogo! Anayetoa alisema, "Pokea," na anayepokea alijibu, "Nimepokea, Mungu akuongezee." Ungo uliopita bila neno ulileta fukusi ghalani, ndivyo walivyoamini, na mimi mpaka leo siwezi kuapa kwamba walikosea.

Katika kona yetu tulikuwa sita. Kulikuwa na koko, mama jirani, mama mchungaji, yaani mke wa mchungaji wa kanisa letu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha kuku, mapacha wawili, wajane, waliofanana mpaka ilikuwa adhabu kwa majirani, na mimi, niliyehesabiwa mtu mzima siku ya kazi na mtoto siku ya nyama. Mapacha wale walivaa kitenge cha aina moja na kufunga kilemba cha aina moja, na aliyetaka kumsalimia mmoja alilazimika kuwasalimia wote, kwa usalama. Kuna siku koko alimpa mmoja wao pole ya jino mara mbili, na yule mwenye jino bovu akaenda zake na maumivu bila pole.

Mama jirani nilimpenda kupita kiasi. Watu wake walikuwa wafugaji, sisi wakulima wa kando ya ziwa, ingawa kule Rubondo hata wafugaji walijifunza kushika jembe, na ua wetu ulikuwa mmoja. Alikuwa na umri ambao mama yangu angekuwa nao. Alinisuka nywele kila Jumamosi, na asubuhi alinimiminia maziwa ya moto katika kikombe cha bati. "Kunywa," aliniambia, "ukuwe murefu sawa koko yako."

Halafu ikaja habari ya ndama. Mume wa mama jirani alikuwa akilisha ng'ombe wao upande wa Endiinzi, na Rubondo walibaki na ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake. Siku moja mama jirani alimpelekea mumewe chakula huko, nyumba ikabaki na watoto. Ndama akakata kamba, akaingia shambani kwa koko, akala mstari mzima wa maharagwe machanga. Koko akafanya kile ambacho kwao kando ya ziwa hufanywa na kila mtu mwenye akili zake: mbuzi akila shamba lako, unamfunga kwako mpaka mwenyewe aje, mzungumze, mcheke, aende naye. Maskini koko, hakuwahi kufuga kitu kikubwa kuliko mbuzi. Alimfunga ndama nyuma ya jiko, akampa maji, akamngoja mwenyewe, na mwenyewe akarudi kesho yake. Koko hakujua kwamba ng'ombe wale hawaachii maziwa wasipomwona ndama wao. Mama wa ndama alilia mpaka sauti ikamkauka, akakataa kukamuliwa, kiwele kikavimba, na msimu ule wote maziwa yakakatika. Mama jirani alikuwa na mtoto mchanga aliyeyategemea.

Nilikuwapo alipokuja uani. "Ulipoteza mutoto wako mu njia," alimwambia koko, "njo maana haujue uchungu ya mama na mutoto."

Koko akainuka. Alimfungua ndama, akamkabidhi kamba, akaingia ndani na kufunga mlango. Mimi nilibaki katikati ya ua nisijue niende kwa nani. Neno lile lilinichoma hata mimi, kwa sababu mtoto aliyetajwa alikuwa mama yangu. Lakini aliyelisema ndiye niliyekuwa nikimfikiria kila nilipojaribu kumfikiria mama. Tangu siku hiyo wanawake wale wawili hawakusemezana. Maziwa ya asubuhi yakaisha. Nywele zangu zikasukwa na mapacha, mmoja kila upande, kila mmoja kwa mtindo wake, na shuleni nikachekwa mpaka nikachoka.

Lakini salongo ni salongo, haijui nani kanuniana na nani. Wote wawili waliendelea kuja, kwa sababu hakuna aliyeweza kuvuna peke yake. Walichokwepa ni kukaa kando kwa kando, maana hapo mmoja angelazimika kumpa mwenzake ungo kwa neno, na mwenzake kujibu kwa neno. Koko alikaa siku zote penye mwimo wa mlango, ameegemea ukuta, mguu wake ameunyoosha. Mahali pengine hapakumfaa. Wengine wote tulitazamana kwanza kabla ya kukaa. Mama jirani akikaribia upande huu wa koko, mama mchungaji alijitupa katikati na mwili wake wote, akijifanya amechoka. Akikaribia upande ule, mapacha waliwahi. Ungeona! Wanawake wazima wanagombania nafasi chini ya ukuta kama watoto kwenye benchi la shule.

Wakati huo nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa hesabu, naye mkimbizi kutoka Kivu, alikuwa na mchezo wake wa baada ya masomo. Alitoa punje za maharagwe mfukoni, akazipanga juu ya dawati na kutuuliza zinaweza kupangwa kwa njia ngapi kwenye mstari, kisha kwenye mduara. Tulipiga kelele tukitaja namba kubwa kubwa. Akatikisa kichwa. "Mu muduara hakuna wa kwanza," alisema. "Bote bakisogea pamoja, hakuna kitu imebadirika. Fungia mumoja fasi yake, bengine bamuzunguke, njo utahesabu." Halafu akaweka punje mbili nyekundu zinazofanana kabisa, akazibadilishana mahali mbele ya macho yetu. "Nani ameona mabadiriko?" Hakuna aliyeyaona. "Basi, musihesabie mara mbili kitu yenye jicho haiwezi kutenganisha."

Nilikaa pale nimepigwa na butwaa, maana mwalimu alikuwa anaueleza ua wetu bila kujua. Aliyefungiwa mahali pake si alikuwa koko na mguu wake? Na punje mbili nyekundu si ndio mapacha? Nilikimbia nyumbani, nikatafuta punje nyeusi iwe koko, ya njano iwe mama jirani, nyekundu mbili mapacha, punje ya mahindi mama mchungaji kwa unene wake, na kijiwe kiwe mimi. Koko akishakaa, zinabaki nafasi tano. Mama jirani hawezi kukaa kando ya koko huku wala huku, kwa hiyo ana nafasi tatu. Kwa kila moja, sisi wanne tuliobaki tunaweza kujipanga kwa njia ishirini na nne. Tatu mara ishirini na nne, sabini na mbili. Lakini mapacha wakibadilishana hakuna kilichobadilika, kwa hiyo nusu yake. Thelathini na sita! Nilifurahi, nikuambie ukweli. Njia thelathini na sita za kukaa bila kuguswa na ule ugomvi. Niliona zitatutosha mpaka tuzeeke.

Msimu uliofuata mama mchungaji akahamia Mbarara, mumewe alikopewa kanisa. Nikazipanga punje upya. Sasa tulikuwa watano: mama jirani ana nafasi mbili, sisi watatu tunajipanga kwa njia sita, na kwa ajili ya mapacha nusu yake, tatu. Mbili mara tatu, njia sita tu. Kutoka thelathini na sita mpaka sita kwa kuondoka mtu mmoja! Hapo nikaanza kuogopa. Na kweli, kabla hatujavuna tena, majina ya mapacha yalitoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa nchi za mbali, wakaitwa kwenda kuishi ng'ambo. Walilia, tukalia, na wakati wa kuagana koko alimkumbatia mmoja mara mbili, mwingine akabaki analalamika. Nikabaki na punje nyeusi, punje ya njano na kijiwe.

Nilizipanga, nikazipangua. Watu watatu wakikaa kwa mduara, rafiki yangu, kila mtu yuko kando ya kila mtu. Njia za kuwatenganisha wawili ni sifuri. Zilibaki njia mbili tu za kukaa, na tofauti yake ilikuwa hii: nikikaa kuume kwa koko, ungo utatoka kwa koko uje kwangu, utoke kwangu uende kwa mama jirani, naye mama jirani atampa koko na kumwambia "pokea". Nikikaa kushoto kwake, koko ndiye atakayemwambia mama jirani. Kilichobaki mikononi mwangu ni kuchagua nani aanze kusema.

Hiyo ni kama mama jirani angekuja. Mumewe alikuwa ameanza kusema wahame Rubondo kabisa, wakae Endiinzi karibu na ng'ombe. Salongo ile ndiyo kamba pekee iliyobaki kati ya nyumba zetu mbili. Ikikatika, wangeondoka bila hata kuaga, na mimi ningepoteza mama kwa mara ya pili. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililijua vizuri kabisa, na lilinikosesha hamu ya kula.

"Atakuja," koko alisema siku ya kazi ilipofika, ingawa sikuwa nimemuuliza. "Ya kwake tulichagua."

Alikaa penye mwimo wa mlango. Nami nikaona, kwa haki kabisa, aliyelisema neno baya ndiye aanze kusema neno jema. Nikakaa kuume kwa koko.

Mama jirani alichelewa. Alikuja amefunga kilemba chake cha kanisani, akasema, "Jambo, mutoto," huku akitazama turubai. Nafasi ilikuwa moja. Aliitazama, akamtazama kuku aliyekuwa anapita, akakaa, magoti ameyageuzia nje. Koko akachagua, akanipa ungo. "Pokea." Nikajibu inavyotakiwa. Sijawahi kuchagua maharagwe polepole vile maishani mwangu. Nilitafuta hata mawe ambayo Mungu hakuyaumba, mpaka koko akaniuliza kama nimeona dhahabu. Ikabidi nimpe mama jirani. "Pokea, mama." Akajibu, "Nimepokea, Mungu akuongezee," na sauti yake ilikuwa imekwaruza.

Akachagua. Akamaliza. Akautikisa ungo, akautikisa tena, maharagwe yakawa safi kuliko haya ya mashine ninayokula leo. Halafu akauweka mapajani, akaushika kingo kwa mikono miwili. Midomo ilifunguka, ikafungwa. Koko alikuwa anatazama mguu wake. Nilisikia pampu ya kisima ikilia mbali huko. Nilielewa kwamba hawezi. Haikuwa kiburi, ilikuwa aibu. Na mimi ndiye niliyemweka mahali pale! Nilidhani atauweka ungo chini, ainuke, akafunge mizigo yake. Nilitamani tubadilishane nafasi, lakini nani hubadilisha nafasi ungo ukiwa njiani?

Basi koko akafanya kitu ambacho hakikuwamo katika hesabu zangu. Hakungoja kupewa. Yule niliyekuwa nimemfungia mahali pake akajivuta kutoka ukutani, akiburuta mguu wake, akiguna kwa maumivu, mpaka magoti yao yakagusana. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Leta, mwana wangu," alisema.

Sikuwahi kumsikia akimwita mtu hivyo. Mama jirani alitaka kumpa ungo, ukamponyoka, maharagwe yakamwagika yote. Akaangukia mapaja ya koko na kilemba chake cha kanisani.

"Nilisema neno mubaya, mama," alisema. "Nilijua fasi yenye itauma, na nikasema vile vile. Unisamehe."

"Na mie nilifunga mutoto, mama yake akilia," koko alijibu. "Nilizani ni sawa na mbuzi. Unisamehe na mie."

Walilia, na mimi nikalia zaidi yao wote. Kuku wa jirani na kuku wetu wakajikusanya kula maharagwe, na hakuna aliyewafukuza, mpaka koko akajifuta uso kwa kitenge na kusema, "Munaacha kuku njo imalize mavuno? Hii salongo ya machozi itatushibisha?" Tukapiga magoti tukaokota punje moja moja, tukaanza kuchagua upya.

Hawakuhamia Endiinzi. Mama jirani alibaki, kikombe cha bati kikarudi, na nywele zangu zikapata tena pande mbili zinazoelewana. Baadaye nilikuja kusoma sekondari hapa Mbarara, na kila likizo ya mavuno nilirudi tukakaa watatu vile vile, ungo ukizunguka, wale wawili wakisemezana mpaka unachoka masikio.

Yote hayo hayapo tena. Ua wetu sasa una watu wengine, waliokuja na vita vyao na lugha yao, na ninawaombea heri. Nyumba yetu iliyeyuka kwa mvua. Mapacha sina habari zao, hata za mmoja. Mama jirani naye jina lake lilitoka, yuko nchi ya baridi, na kwenye simu hunieleza kwa mshangao kwamba huko maharagwe hununuliwa yakiwa yamepikwa tayari, ndani ya mkebe. "Hakuna anayekaa chini na mwenzake," huniambia. Namwambia hata huku mjini ni hivyo hivyo. Halafu tunaagana, kila mtu na simu yake.

Koko alifariki kabla mama jirani hajasafiri. Tulimzika Rubondo, juu kidogo ya kisima. Kwetu, kabla kaburi halijafukiwa, mchungaji huwaita kwanza watoto wa marehemu watie udongo, halafu wajukuu, halafu watu wengine. Mchungaji wa siku hiyo alikuwa mgeni, hakumjua koko. Alisoma, akafunga Biblia, akaita, "Batoto ba marehemu, mukuje kwanza."

Hakuna aliyesogea. Watu waliotujua waliinamisha vichwa. Niliitazama ile nafasi tupu kandoni mwa kaburi, nikatamani ardhi inimeze, kwa sababu mtu wa kusimama pale tulimpoteza kabla sijajua kutembea. Kisha mama jirani alitoka katikati ya watu, akavua viatu, akainama, akachota udongo kwa mikono yote miwili.

Mchungaji alimuuliza kwa upole, "Weye ni mutoto wake?"

"Ndiyo," alisema. "Ni mie mutoto wake."

Akautia udongo. Halafu akageuka, akanitafuta kwa macho, akaningoja mpaka nikafika kando yake.